Jitegemea: kisa cha kanisa lililowaomba wamishonari wapumzike

Katika makanisa mengi ya PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, Jumapili haimaliziki na baraka ya mchungaji. Watu hutoka nje, wakasimama kivulini au chini ya hema, na mzee mmoja mwenye sauti kali huinua kuku juu. Mnada umeanza. Kuku huyo ameletwa na mama ambaye hakuwa na noti ya kutia kwenye kikapu cha sadaka. Ananunuliwa na kijana mwenye duka, na kabla hajakabidhiwa, kijana anasema, "Mzee, mrudishe, auzwe tena." Anauzwa mara ya pili, kisha ya tatu. Zinafuata ndizi, debe la viazi, trei ya mayai, maziwa ya lita mbili. Watu wakitawanyika, kuku mmoja amekwisha kuleta bei ya mbuzi, na mwishowe anapelekewa mjane ambaye ugonjwa umemzuia kufika ibadani.

Nimeyaona hayo tangu utotoni, nikidhani ni furaha tu ya watu wazima baada ya mahubiri marefu. Nilipokuja kusoma habari za kanisa letu ndipo nilipoona kwamba yule kuku ana nasaba, na kwamba mtu akitaka kujua kama huduma za kanisa zinakua au zimedumaa, hana budi kumfuata kuku huyo anakoishia.

Kisa chenyewe ni hiki. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lilianzishwa na Waskoti, likalelewa nao, likalipiwa nao kwa karibu miaka themanini. Mwaka 1971 Katibu Mkuu wake, John Gatu, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani akawaomba waache kutuma wamishonari na fedha. Watu walidhani amerukwa na akili. Zaidi ya nusu karne imepita tangu siku hiyo. Je, kanisa lilikua kwa sababu ya neno lile, au lilikua tu kama makanisa mengine yote ya Kenya yalivyokua, kwa kuwa watu waliongezeka?

Mafiga yetu, kuni za Uskoti

Mwaka 1891 msafara uliotoka Mombasa chini ya Dkt. James Stewart, mmishonari wa Lovedale huko Afrika Kusini, ulipiga kambi Kibwezi katika nchi ya Wakamba. Walioulipia walikuwa wakurugenzi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki na marafiki zao. Kibwezi hapakuwakubali. Homa iliwaandama, wengine wakazikwa huko huko, na mwaka 1898 Thomas Watson akaihamishia kazi nyanda za juu, Kikuyu. Wenyeji walilitamka jina la Waskoti kwa ulimi wao wakasema Thogoto, na mahali hapo panaitwa hivyo hadi leo. Watson alifariki mwaka 1900. Mkewe, Minnie, hakufunga mizigo. Alibaki akifundisha hadi mwaka 1931. Tumutumu ilifunguliwa mwaka 1908, na Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, mwaka 1922.

Kila kituo kilisimama juu ya mafiga matatu: kanisa, shule na hospitali. Huo ulikuwa mpango mzuri na matunda yake yanaonekana. Shule ya Upili ya Alliance, iliyoanzishwa mwaka 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, ilisimama hapo hapo Kikuyu. Lakini mafiga yakiwa yetu na kuni zikitoka Uskoti, mpishi ni nani? Aliyekuwa na kuni ndiye aliyeamua chungu kitenguliwe lini.

Mwaka 1929 jambo hilo lilidhihirika kwa uchungu. Wamishonari, Dkt. John Arthur akiwa mbele, waliwataka waumini na walimu waweke ahadi ya kuukataa ukeketaji wa wasichana. Kwa moyo wangu wote nasema walikuwa sahihi kuhusu kisu kile. Mwili wa binti si mahali pa kuthibitishia utamaduni wa mtu yeyote. Lakini amri ilitoka nyumba ya misheni, ikawafikia watu kama amri ya serikali, na katika nchi ambayo ardhi ilikuwa imechukuliwa na Wazungu, amri ya Mzungu yeyote ilinuka ardhi. Makanisa yalibaki matupu, madarasa vilevile. Shule huru za Wakikuyu zikachipuka kila kilima. Waliobaki walikuwa wachache, na baadhi ya hao wachache walikuwa wanawake. Wanawake hao walikuwa na umoja wao, Kiama kia Ngo, yaani Baraza la Ngao, wa kuwalinda mabinti. Wengi wanaosimulia mwaka 1929 humtaja Dkt. Arthur na kuwasahau akina mama wale, ilhali wao ndio waliolichukua jambo lile mikononi na kulifanya lao.

Baada ya hapo uongozi ulisogea polepole kuelekea kwa wenyeji. Kanisa la Kiafrika lilipata kujitawala mwaka 1943. Mwaka 1956 liliungana na ushirika wa Waskoti walioishi Kenya, na Baraza Kuu la kwanza likafanyika. Mwaka 1961 Mchungaji Charles Muhoro Kareri akawa Moderata, yaani mwenyekiti wa Baraza Kuu, wa kwanza Mwafrika. Mfumo wenyewe haukuwa mgeni sana kwa watu wa mlima. Presbiteri ni neno lenye asili ya Kigiriki, na asili hiyo maana yake ni mzee, na Wakikuyu walikuwa na kiama, baraza la wazee, kabla Mskoti hajauona mlima. Kanisa linaloongozwa na wazee waliochaguliwa, lisilo na askofu, walilielewa mara moja.

Kiti kilikuwa chetu basi. Mfuko ulibaki ng'ambo.

Neno la Milwaukee

John Gatu hakuwa mtu wa kutafuta makelele. Alizaliwa mwaka 1925, akawa askari wa Mfalme katika Vita vya Pili vya Dunia, akaguswa na Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la kiroho lililotoka Gahini, Rwanda, akasomea uchungaji Limuru na baadaye Uskoti. Tangu mwaka 1964 alikuwa Katibu Mkuu wa PCEA, yaani mtu ambaye barua zote za kuomba msaada zilipitia mezani pake. Nadhani hapo ndipo jambo lilipoanzia. Mtu akiandika barua za kuomba kwa miaka saba, anajua kuomba humfanya nini mwombaji.

Mwaka 1971, huko Milwaukee, Marekani, katika mkutano wa Kanisa la Reformed, alisema kwamba umefika wakati wamishonari waondoke, kwa muda usiopungua miaka mitano, na fedha nazo zisimame, ili makanisa ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini yajitambue. Alisema kwamba kuendelea kwa mtindo ule wa misheni kulikuwa kizuizi kwa kanisa kuwa lenyewe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliokutana Lusaka ulilichukua wazo hilo na kulifanya lake, na likazungumzwa dunia nzima.

Alishambuliwa kutoka pande zote. Wazungu wengine walisikia chuki ambayo haikuwapo. Waafrika wengine waliogopa njaa, na hofu yao ilikuwa na msingi, maana hospitali zilikuwa na madaktari wa kigeni na mishahara ilitegemea hundi. Lakini nyumbani neno liligeuka kuwa wito wa kanisa: Jitegemea.

Litazame neno hilo. Biblia ya watu wa Thogoto na Tumutumu ilikuwa ya Kikuyu, nyimbo zao za Kikuyu, mahubiri ya Kikuyu. Chogoria walikuwa na Kimeru chao. Kauli mbiu ikaja kwa Kiswahili. Miaka minne kabla ya Milwaukee, Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea pale Arusha, na Kenya ilikuwa ikijenga shule kwa harambee tangu uhuru. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo kila mtoto wa pwani na bara alikuwa ameisikia. Katika kuchagua neno la Kiswahili, kanisa lilijivisha vazi pana kuliko mwili liliokuwa nalo wakati ule. Limekuwa likikua ndani ya vazi hilo tangu hapo, na nitalirudia jambo hili kwa sababu kwangu ndilo kiini cha kisa.

Wamishonari waliondoka? Si wote. Mtu asije akasimulia kwamba mlango ulifungwa kwa komeo mwaka 1971. Madaktari waliendelea kuja, wafadhili waliendelea kusaidia, na kitengo cha macho cha Hospitali ya Kikuyu, ambacho wagonjwa hukifuata kutoka mbali, kilijengeka kwa msaada wa Wakristo wa Ujerumani. Kilichobadilika ni nani anayeanza kusema. Kabla, mgeni alileta mpango na mwenyeji akaushukuru. Baada ya hapo, wazee walikaa, wakakubaliana wanataka nini, wakachanga walichonacho, ndipo wakamwendea rafiki. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha, ila inaonekana kwenye hesabu za parokia, ambako ukurasa wa kwanza ni wa mnada, zaka na harambee.

Chogoria

Dalili ya ukuaji ninayoipenda kuliko zote iko Chogoria, na haihusu viti vya kanisa kabisa.

Hospitali ya Chogoria ingeweza kubaki jengo zuri juu ya mlima ambalo wagonjwa hubebwa na machela kulifikia. Badala yake, kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea hadi miaka ya 1980, ilishuka vijijini. Zahanati ndogo zilisambazwa eneo zima, na kila moja ilikuwa na kamati ya wenyeji. Kukawa na wahudumu wa kujitolea, majirani wanaojuana kwa jina la mama, waliokwenda nyumba kwa nyumba wakizungumza kuhusu chanjo, maji safi, na jinsi ya kupanga uzazi. Wakati huo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zenye uzazi wa juu kabisa duniani, na watafiti walipokwenda Chogoria mwaka 1985 walikuta wanawake wanaotumia njia za uzazi wa mpango ni wengi kupita wastani wa nchi, na watoto kwa kila mama ni wachache. Wataalamu wa idadi ya watu waliijadili Chogoria katika majarida yao.

Kwa nini pale? Dawa zilizotumika zilikuwa zile zile zilizopatikana kwingineko. Kilichokuwa tofauti ni kwamba mama alisikia habari hiyo kutoka kwa mtu anayeketi naye kanisani. Kumbuka mwaka 1929: habari ya mwili wa mwanamke iliyoletwa kwa amri ilivunja kanisa. Nusu karne baadaye, habari ya mwili wa mwanamke iliyoletwa na jirani, ikijadiliwa chini ya mgomba, ilikubalika. Kanisa lile lile, milima ile ile. Somo lilikuwa limeingia.

Leo Chogoria, Tumutumu na Kikuyu kila moja inafundisha wauguzi. Chogoria imekwenda mbele zaidi na kuwafundisha madaktari wa tiba ya familia, yaani madaktari wa kufanya kazi katika hospitali za vijijini ambako hakuna bingwa wa kila kiungo. Nalihesabu hilo kuwa ukuaji mkubwa kuliko jengo lolote jipya la kanisa. Hospitali inayoomba daktari kila mwaka ni mtoto. Inayozaa madaktari imeshakuwa mzazi. Mzigo haujaisha, kwa kweli. Hospitali za makanisa nchini zimelalamika kwa miaka kuhusu madai yanayocheleweshwa na bima ya afya ya serikali, na hospitali isiyolipwa kwa wakati huchelewesha mishahara ya wauguzi wake. Kujitegemea katika nchi ambayo kila kitu kimefungamana na serikali kuna mpaka, na mpaka huo si kosa la waumini.

Bahasha

Sasa nije kwenye jambo linalowaudhi baadhi ya wazee wangu. Kuni za Uskoti zilipopungua, makanisa mengi ya Kenya, letu likiwamo, yalipata msambazaji mwingine: mwanasiasa. Harambee ya kununua ardhi au kumalizia paa hualika mgeni wa heshima, mgeni huja na bahasha, na bahasha haiji bubu. Hupewa kipaza sauti. Waumini waliokuja kusikia Neno husikia kampeni. Hapo neno Jitegemea huwa limeandikwa ukutani, nyuma ya kichwa cha mheshimiwa.

Hali hiyo inauma zaidi ukikumbuka mimbari yetu imewahi kusema nini. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri katika Kanisa la St. Andrew's, Nairobi, akiuliza kama utawala wa chama kimoja Kenya utadumu wakati ule wa Ulaya ya Mashariki unaanguka. Serikali ilighadhibika. Ndani ya kanisa lenyewe hapakuwa na kauli moja juu yake. Lakini neno lilikuwa limetoka, na kabla ya mwaka 1991 kwisha vyama vingi vilirudishwa. Mimbari inayodaiwa fadhili na mheshimiwa haitoi hubiri kama lile.

Ndiyo maana ninaiona Septemba 2021 kuwa dalili njema. Mwezi huo makanisa ya Anglikana, Katoliki na PCEA, moja baada ya lingine, yalitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubia ibadani. Waje, wakae, waabudu kama watu wengine. Wako walioona tangazo hilo kuwa la maneno tu, na ni kweli kwamba si kila parokia ililishika. Mwaka 2024 vijana waliokuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha waliyageukia makanisa pia, wakataka kujua kwa nini yanapokea fedha ambazo hakuna anayeuliza zilikotoka. Mwezi Julai mwaka huo Rais mwenyewe akapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Vijana wale walikuwa wakiuliza swali la Gatu, wengi wao bila kumjua: anayekulipia paa anakufanya nini?

Kuku wa mnada hatoi hotuba. Huo ndio uzuri wake.

Akina mama, vijana, na amri ya miaka 58

Kuhusu akina mama nitasema machache, si kwa sababu ni jambo dogo, bali kwa sababu halina ubishi. Gildi ya Wanawake, iliyoanza miaka ya 1920, ndiyo uti wa mgongo wa kanisa hili. Atakayebisha na akae Jumapili moja ahesabu waliokuja. Mwaka 1982 Nyambura Njoroge alibarikiwa kuwa mchungaji, mwanamke wa kwanza katika PCEA, na baadaye akafanya kazi katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni kule Geneva. Mlango aliofungua haujafungwa. Ninachosubiri ni kuona wanawake wengi zaidi wakiongoza presbiteri, yaani mabaraza ya parokia kadhaa, si parokia tu.

Vijana ndio wasiwasi wa kila kikao cha wazee. Wanapita Boys' Brigade na Girls' Brigade, wanapiga ngoma na tarumbeta katika gwaride, wanathibitishwa katika imani, kisha chuo kikuu kinawachukua na makanisa ya kiroho yenye vyombo vya muziki yanawapokea. Hilo halikanushiki. Lakini mwaka 2020 ulifanya jambo ambalo hakuna kamati ingelipitisha. Mwezi Machi makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Julai yalipofunguliwa, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na mtu yeyote wa chini ya miaka 13 au aliyepita miaka 58 abaki nyumbani. Katika kanisa linaloongozwa na wazee! Kwa amri moja, meza za wazee katika parokia nyingi zilibaki na watu wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Waliosimama pengoni ni akina dada na kaka waliokuwa wakikaa viti vya nyuma. Walishika kamera za simu, wakapeleka ibada mtandaoni, wakawafundisha bibi zao kutoa sadaka kwa M-Pesa, wakapanga zamu za milangoni za kupima joto na kumimina maji ya kunawa. Wazee waliporudi walikuta nyumba haijaanguka. Sijui namna bora ya kujua kama huduma imekua kuliko hiyo: ondoa waliozoea kuibeba uone kama italala chini. Ilisimama. Kosa lingekuwa kuwarudisha vijana wale viti vya nyuma baada ya hatari kupita, na baadhi ya parokia zimefanya kosa hilo.

Nendeni

Nimeacha la mwisho lile lenye uzito zaidi.

Mtu akiitazama ramani ya PCEA ataona sura ambayo kanisa halikujichagulia. Wamishonari waligawana nchi. Waskoti walipata Kikuyu, Nyeri na Chogoria. Wamethodisti wakapata Meru. Misheni ya African Inland ikachukua Ukambani na sehemu za Bonde la Ufa. Waanglikana wakawa na maeneo yao. Mgawanyo huo ulizuia ugomvi kati ya Wazungu, na ukazaa makanisa ya makabila. PCEA likawa, kwa macho ya Wakenya wengi, kanisa la Wakikuyu na ndugu zao wa mlimani. Gharama yake ililipwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walichomewa nyumba, na makanisa yaliyopaswa kuwa katikati yalikuwa yameshajigawa. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, ambalo PCEA ni mwanachama wake, liliungama hadharani kwamba viongozi wa kanisa waliegemea upande na kushindwa kuwa sauti moja. Ungamo hilo lilikuwa gumu, na lilistahili.

Kwa hiyo swali la ukuaji katika kanisa hili haliwezi kuwa idadi peke yake. Kanisa la kabila moja linaweza kuongezeka kwa sababu kabila limeongezeka. Swali ni kama linavuka.

Linavuka. Maeneo ambayo waumini huyaita ya Nendeni, kutokana na agizo la Mathayo, "Basi, enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi," ni ya wafugaji wa kaskazini na ya watu wengine walio mbali na mlima. Kule ibada huanzia chini ya mgunga. Shule ya chekechea hutangulia kanisa la mawe, na kisima mara nyingi hutangulia vyote viwili. Wanaolipia ni parokia za Kiambu, Nyeri, Chuka na Nairobi. Ni yule kuku. Ni mnada ule ule, bila mgeni wa heshima.

Na mhubiri akifika, kitabu chake cha nyimbo cha Kikuyu hakimsaidii kitu. Anapaswa kujifunza lugha ya wenyeji, na siku atakapokuwa bado hajaiweza, Kiswahili ndicho kitakachowakutanisha. Hivyo ndivyo ibada ya Kiswahili, ambayo katika parokia za mjini wengine waliichukulia kama ibada ya wale wasio na kwao, imegeuka kuwa mahali kanisa linapojifunza sura yake mpya. Ukiingia ibada hiyo Nairobi utakuta Mluo aliyeoa Mkikuyu, Mkamba mpangaji, muuguzi wa Kisamburu aliyekuja masomoni. Hakuna anayeomba radhi kwa lafudhi yake. Vazi la Jitegemea, lile pana lililoshonwa miaka ya 1970, linaanza kuwatosha watu waliomo.

Kuna la kuogopa hapa, na nalisema kwa sababu nalipenda kanisa hili. Parokia tajiri ya mlimani inaweza kwenda kaskazini na tabia zile zile ambazo Gatu alizikataa: ikafika na mpango wake, ikapiga picha na watoto, ikajenga inavyotaka, ikaondoka ikiwa imeshukuriwa. Mkikuyu akiwa Mskoti wa Msamburu, tumezunguka tu. Nilichojifunza kwa waliofanya kazi huko vizuri ni kwamba wao huanza kutoa sadaka na wenyeji tangu Jumapili ya kwanza, hata kama ni kibuyu cha maziwa ya ngamia kinachonadiwa kwa watu kumi. Mfugaji aliyetoa maziwa hatasubiri mtu wa Kiambu amwambie kanisa lielekee wapi.

Kanisa limevuka mipaka mingine pia. Lina sharika Tanzania na Uganda, na Wakenya waliohamia Marekani wamepeleka huko ibada zao, vitambaa vya Gildi na mnada wao, katika nchi ile ile ambako Gatu aliwaomba wenyeji wapumzike. Alifariki mwaka 2017, akiwa amezeeka na kuyaona mengi ya haya. Chuo Kikuu cha Presbiteri pale Kikuyu, ambacho kingekuwa taji la kazi hii, kimepita katika misukosuko ya fedha ambayo haijawapa raha waumini waliokichangia. Shule na hospitali kanisa lilirithi pamoja na watu waliojua kuziendesha. Chuo kikuu lilikianza lenyewe katika soko gumu, na harambee haiwezi kulipa mishahara ya wahadhiri mwezi baada ya mwezi. Hapo bado kanisa linajifunza.

Barabara ya kwenda Mombasa inapita Kibwezi, na reli nayo. Abiria wengi huwa wamelala hapo, au wanatafuta maji baridi. Waskoti walikaa miaka saba wakashindwa, wakapanda milimani, na kwa muda mrefu Kibwezi ikabaki aya moja katika historia ya PCEA, mahali pa makaburi. Ukambani kanisa limerudi sasa, safari hii likitoka juu kuteremka, na walioteremka nalo ni wajukuu wa wale waliomkuta Mskoti Thogoto. Jumapili wanaimba kwa Kikamba na Kiswahili, na baada ya baraka watu hutoka nje kivulini. Ukambani kuku si haba, na maembe msimu wake ukifika hunadiwa kwa ndoo.